Zege halilali: kanisa la Hérémence na bwawa lililolitangulia

Binamu yangu ni muuguzi mjini Sion, makao makuu ya kantoni ya Valais kusini mwa Uswisi, na kila ndugu anayemtembelea humpandisha kijiji cha Hérémence kuliona kanisa lake. Alinionya tukiwa bado kituoni: "Kaka, ukiliona usitoe maoni kwanza. Wote niliowaleta huuliza kama ni ngome ya jeshi."

Basi la njano la posta linapanda kona juu ya kona. Mashamba ya mizabibu ya bonde la Rhône yanabaki chini, yanafuata malisho na misonobari, halafu kijiji chenyewe, kimejishikiza kwenye mteremko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Nyumba ni za mbao zilizochomwa na jua la milimani mpaka zikawa nyeusi, zimekaa juu ya misingi ya mawe. Maghala ya zamani ya nafaka yamesimama kwa miguu, na juu ya kila mguu limelazwa bamba la jiwe la mviringo ili panya akifika pale akwame. Bibi yangu, aliyepigana na panya wa kihenge maisha yake yote, angeelewa bila kuelezwa. Halafu, katikati ya weusi huo wote wa mbao, unakutana na zege. Kuta zinatoka nje, zinarudi ndani, zinakatika, zinapanda tena hadi zinabeba mnara wa kengele. Unatafuta pembe mraba moja ya kupumzishia jicho, huioni.

Nilitii, sikutoa maoni. Nililizunguka.

Nimekulia nyuma ya fundi. Baba alikuwa mwashi wa parokia huko kwetu Mahenge, na sisi watoto wake likizo zetu zilikuwa za kubeba maji na kuchekecha mchanga. Kwa hiyo mbele ya jengo la zege siangalii umbo kwanza, naangalia kazi. Natafuta vishimo mahali ambapo zege halikushindiliwa vizuri, nondo zilizoanza kutema kutu, mstari unaotenga zege la jana na la leo. Pale Hérémence nilichokiona zaidi ni mbao. Alama za mbao zilizofungiwa zege bado zinasomeka ukutani: mistari ya ubao, vifundo, mpaka kati ya ubao na ubao. Watu hudhani zege ni kitu cha kumwaga tu. Kabla ya mmwagaji kuna seremala. Kila pembe ya ajabu unayoiona pale ilikuwa kwanza sanduku la mbao lililoundwa kinyumenyume, la ndani likiwa la nje, na anayeliunda lazima alione kichwani jengo ambalo bado halipo. Sasa wageni wanaosema kijiji cha mbao kimevamiwa na zege, mimi nawauliza: nani alifunga zile mbao? Kabla ya zege kumwagwa, masanduku hayo yalisimama pale kama kanisa zima la mbao, kisha yakavuliwa.

Kanisa la kabla ya hili lilikuwa la karne ya 18. Jioni ya tarehe 25 Januari 1946 ardhi ya Valais ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa karibu 6, kitovu chake jirani na mji wa Sierre, na hakuna lililolizidi nchini Uswisi katika karne yote ya 20. Maelfu ya majengo yaliharibika kantoni nzima. Kanisa la Hérémence liliachwa na nyufa. Likaendelea kutumika, likajadiliwa, na mwishowe kijiji kikaamua kubomoa na kuanza upya. Hapo ndipo alipoingia msanifu majengo Walter Maria Förderer.

Förderer, aliyezaliwa 1928, alianza kama mchongaji wa sanamu, na nadhani hiyo inaeleza mengi. Miaka ya 1960 alijenga makanisa kadhaa ya zege katika sehemu zinazosema Kijerumani, likiwemo la Bettlach na lile la Chur. Hili la Hérémence lilikamilika 1971. Baada ya hapo hakuendelea sana na ujenzi. Alirudi kwenye sanaa yake, akawa anatengeneza visanduku vyenye vyumba vidogo vya kufikirika ndani yake. Aliamini kwamba kanisa la zama zake lisijitenge na maisha ya kila siku, na wakati huohuo liwe mahali pasipodaiwa faida yoyote. Ndiyo maana pale kijijini huwezi kusema kwa hakika kanisa linaanzia wapi. Ngazi za zege zinakuwa kiwanja cha mkutano, kiwanja kinakuwa paa la sehemu ya chini, na watoto wanapita humo na baiskeli zao bila kujua kama wako kanisani au barabarani.

Swali lililonishughulisha zaidi lilikuwa jingine. Miaka ya 1960 hawa walikuwa wakulima na wafugaji wa milimani, Wakatoliki wa kushika mapokeo, watu wa ng'ombe weusi wa bonde lao la Hérens ambao mpaka leo hupambanishwa pembe kwa pembe kila msimu wa machipuo ili apatikane malkia wa kundi. Waliletewa mchoro ambao hata leo, zaidi ya miaka hamsini baadaye, unawatoa jasho wageni kutoka miji mikubwa. Wakasema ndiyo. Waliwezaje?

Jibu liko juu zaidi kwenye bonde hilohilo. Ukiendelea na barabara kutoka kijijini, mwisho wake unakutana na ukuta wa bwawa la Grande Dixence, nao umo ndani ya eneo la wilaya ndogo ya Hérémence. Ukuta huo una urefu wa mita 285 kwenda juu. Bwawa letu la Julius Nyerere pale Rufiji, tunalojivunia kwa haki, lina mita 131. Kwa uwezo wa umeme hawapishani sana: letu ni megawati 2,115, na mitambo yote inayokula maji ya Grande Dixence hutoa kama 2,000. Tofauti ni kwamba kwetu kuna mto mkubwa, na kule kuna mwinuko. Wao hukusanya maji ya barafu 35 za milimani kwa mahandaki yenye jumla ya kilomita 100, mengine yakitokea upande wa Zermatt, wanayatunza juu, kisha wanayaangusha bondeni kutoka kimo cha kutisha.

Ukuta ule umekula zege mita za ujazo milioni 6. Ulijengwa katika miaka ya 1950 na kukamilika 1961. Simenti ilipandishwa kutoka bonde la Rhône kwa vikapu vilivyoning'inia kwenye kamba za chuma, na kokoto zilichimbwa palepale juu, kwenye kifusi kilichoachwa na barafu ya Prafleuri. Majira ya baridi zege lisingeweza kushika, kwa hiyo msimu wa kumwaga ulikuwa mfupi na ilibidi kazi iende mchana na usiku. Mafundi wetu wana msemo wao, zege halilali: ukishalichanganya lazima uliishe siku hiyohiyo. Kule halikulala kwa maana halisi, msimu baada ya msimu. Watu wapatao 3,000 walifanya kazi kwenye mradi mzima. Wengine walikuwa Waitalia waliokuja kutafuta riziki, na wengi walikuwa wanaume wa mabonde ya Valais yenyewe, walioacha fyekeo na ng'ombe na kuwa wachimba mahandaki, wafunga mbao, wasuka nondo, waendesha mashine. Bweni lao la ghorofa pale chini ya ukuta walilibandika jina la utani "Ritz", kwa dhihaka. Siku hizi ni hoteli kweli.

Kazi ile iliua. Wengine waliangukiwa na mawe, wengine walirudi nyumbani wakiwa hai lakini wakiwa wamevuta vumbi la mwamba miaka, mapafu yakageuka jiwe polepole. Bonde zima la Hérens linajua ugonjwa huo. Na mwaka 1965, upande wa pili wa milima, kwenye ujenzi wa bwawa jingine liitwalo Mattmark, kipande cha barafu kiliporomoka juu ya kambi na kuua watu 88, wengi wao Waitalia. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba zege kwa wazee wale lilikuwa mtindo wa kisasa waliouona kwenye majarida. Lilikuwa mshahara, na lilikuwa msiba.

Lilikuwa pia ufundi wao. Bwawa lilipoisha, kijiji hiki cha watu elfu moja na mia kadhaa kilikuwa na wanaume wanaojua zege kuliko mitaa mizima ya Geneva. Ndani ya kanisa tulimkuta mzee mmoja akipanga vitabu vya nyimbo. Binamu alimwuliza kwa Kifaransa kama alilipenda kanisa hili lilipojengwa. Mzee alifikiri kidogo, akasema yeye alikuwa kijana, hakuulizwa. Baba yake ndiye aliyekuwa na maoni. Baba alifanya kazi bwawani, na alipoona ule mchoro hakuzungumzia uzuri wala ubaya. Alisema, hii tunaiweza.

Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Fedha nazo zilikuwepo, tusizifiche. Katika Valais maji ya mito ya pembeni ni mali ya wilaya ndogo zinazopitiwa nayo, si ya serikali kuu, na kampuni ya umeme hulipia haki ya kuyatumia. Hérémence, iliyokuwa maskini kama vijiji vyote vya juu, ikawa na mapato ya uhakika. Mkataba wa Grande Dixence utafikia kikomo mwaka 2044, na hapo sehemu ya mitambo inayopitisha maji itarudi mikononi mwa wenye maji. Nilisimama kwenye hilo kwa muda. Mahenge iko kwenye vilima kati ya Kilombero na Luwegu, mito miwili inayokutana na kuufanya Rufiji. Mvua inayonyesha juu ya paa la mama yangu mwishowe hufika kwenye lile bwawa letu kubwa. Kuna siku nitaliuliza swali la mapato ya maji mahali panapostahili. Leo ni habari ya kanisa.

Ndani, basi. Unaingia kwa mlango usio na makuu, na unapoinua macho unakuta dari haliko sehemu moja. Zege limepangwa kwa tabaka, linashuka juu ya viti, linapanda ghafla juu ya altare, na mwanga unaingia kwa mianya ambayo ukiwa umekaa huioni. Unaona tu ukuta umeangaza. Mabenchi ni ya mbao na yamepangwa kuielekea altare kutoka pande kadhaa, si safu ndefu zinazotazama visogo vya walio mbele. Hiyo ni alama ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa 1965, wakati mchoro huu ukiwa bado unazungumzwa. Padri amegeuka kuwatazama watu na watu wanaonana wao kwa wao. Kwetu mageuzi hayo yaliingia kwa kuivuta altare mbele kidogo kutoka ukutani na kuleta ngoma na kayamba. Hapa waliyajenga ndani ya kuta zenyewe.

Ubaridi upo, siwezi kukana. Mkono ukigusa ukuta unaurudisha haraka. Na kuna kona moja ya upande wa kushoto ambako nilihisi msanifu alikuwa anafurahia mchezo wake mwenyewe: zege linakunjwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, na yote inayotokea ni vumbi kupata pa kukaa. Baba angeuliza nani atapandisha ngazi kufagia pale. Lakini sauti! Binamu aliimba mstari mmoja wa "Bwana utuhurumie" kwa ule uimbaji wa kwetu wa Kiswahili, taratibu, na ukarudi kwake ukiwa mzima, bila ule mwangwi unaomeza maneno kwenye makanisa makubwa ya mawe. Kwa kuta zilizovunjikavunjika namna ile, sauti haipati ukuta mpana wa kuigonga na kuirudisha kwa mkupuo. Yule mzee aliacha vitabu vyake akatikisa kichwa kukubali.

Msimamizi wa parokia ni Mtakatifu Nikola wa Mira, askofu wa pwani ya iliyo leo Uturuki, ambaye mabaharia wamemkimbilia tangu zamani. Mabaharia, mita 1,200 juu, katika nchi isiyo na bahari! Nilicheka, nikajirudi: kwetu kuna vigango vya bara ndani kabisa vilivyo chini ya ulinzi wa wavuvi wa Galilaya, wala hatushangai.

Sasa maoni niliyoombwa niyaweke akiba.

Wanaolilaumu kanisa la Hérémence husema limeharibu sura ya kijiji. Sura ya nani? Mimi sauti hiyo naijua. Naijua kutoka kwa wageni wanaokuja Mahenge, wanapiga picha nyumba ya nyasi ya jirani, halafu wanasikitika kuona nyumba inayofuata imeezekwa kwa bati. Bati linawaumiza macho. Hawajawahi kulala chini ya nyasi masika, na beseni katikati ya chumba, wala kukata nyasi mpya kila baada ya misimu michache. Wanataka kijiji kikae kilivyo ili wao wanapochoka na mji wawe na pa kutazama. Vibanda vyeusi vya Hérémence ni vizuri kweli, lakini vilijengwa hivyo kwa sababu mbao ndizo zilizokuwepo na ndizo mafundi walizozijua. Mwaka 1971 mafundi walikuwa wanajua kitu kingine. Kudai kwamba watu waliosimamisha ukuta wa mita 285 wajenge kanisa la mbao la kuigiza, ili lifanane na kadi ya posta, ni kuwaambia kwamba miaka ile yao kumi bwawani haikuwa sehemu ya maisha ya kijiji.

Najua kuna upande wa pili. Si kila zege linalomwagwa vijijini ni tamko la heshima. Nimeona parokia za kwetu zikibomoa kanisa imara la matofali ya kuchoma, lililojengwa na babu zao, ili zipate jengo lenye vioo vya rangi ya bluu na vigae vya kuteleza, na michango ikidaiwa jumuiya kwa jumuiya mpaka wajane wanaogopa kuhudhuria sala. Kinachonifanya niliheshimu hili la Hérémence ni kwamba ufundi uliolijenga ulikuwa tayari wa wenye kijiji. Kwetu mara nyingi mchoro unatoka mjini, mkandarasi anatoka mjini, na fundi wa parokia anaitwa siku ya kupaka chokaa.

Na hapa nina deni la kihistoria la kulitaja. Mapadri waliobatiza kizazi cha bibi yangu walikuwa Wakapuchini wa Uswisi. Wabenediktini Wajerumani walioifungua misheni ya Kwiro, pale kwetu Mahenge, mwaka 1902 walifukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuanzia 1921 Waswisi wakachukua nafasi zao, pamoja na Masista wa Baldegg. Mmoja wao, Edgar Maranta, mzaliwa wa bonde la mlimani katika kantoni ya Graubünden, aliongoza Kanisa la Dar es Salaam tangu 1930 hadi 1968. Pamoja na mapadri walikuja mabruda mafundi: maseremala, wafua chuma, waashi. Baba alijifunza kupima kwa timazi kutoka kwa mtu aliyefundishwa na mmoja wao. Kwa hiyo nilipokuwa napapasa zile alama za mbao nilikuwa, kwa njia ndefu, nakagua kazi ya shule moja.

Mkondo umegeuka sasa. Makanisa ya Uswisi hayapati mapadri wa kutosha, parokia nyingi za mabondeni zinagawana mmoja, na si ajabu kumkuta altareni padri wa Kiafrika, Kihindi au Kipolandi. Misa tuliyohudhuria Jumapili ilikuwa na watu wachache, wengi wao wa umri wa yule mzee, na baada ya baraka walishuka kiwanjani wakasimama kwa vikundi wakizungumza, kama saa nzima hivi, jua likiwa kali na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka. Ile sehemu ambayo Förderer hakuweka mpaka kati ya kanisa na kijiji bado inafanya kazi, hata siku ambazo mabenchi hayajai.

Kwa atakayekuwa Uswisi na kupata nafasi: kutoka Sion ni safari ya kama nusu saa kwa basi, na kanisa halina kiingilio. Piramidi za udongo za Euseigne, nguzo ndefu zenye jiwe kichwani, ziko jirani na zinastahili kuzungukiwa. Majira ya kiangazi mabasi huendelea hadi Le Chargeur, chini ya bwawa, na kuna lifti ya kamba inayokupandisha juu ya ukuta. Wakati mwingine wa mwaka barabara ya juu ni ya theluji. Kama siku yako inaruhusu vyote viwili, anza na bwawa asubuhi, ule hapo hotelini, kisha ushukie kijijini mchana. Na kama kuna matembezi ya kuingia ndani ya ukuta, chukua sweta hata kama ni Agosti.